Wifi Aliyejua Kunyamaza

Gari la misheni liliposimama mbele ya nyumba ya mafungo, Germana alikuwa mlangoni pa jiko, upawa mkononi, akihesabu vichwa. Ndiyo iliyokuwa kazi yake kila Jumapili ya kuanza mafungo: vichwa vikiwa kumi, sufuria ndogo, vikizidi kumi, ile kubwa yenye mshikio mmoja. Alishuka katekista wa Kimasai kutoka Ngorongoro, jina lake Koinet, mrefu hata akainama mara mbili kutoka garini. Wakashuka walimu wawili, mjane mmoja, karani wa ushirika aliyevaa koti zito, na wengine. Hesabu ya Germana ilifika kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alitanguliza kifurushi, halafu mguu, halafu sauti, akimshukuru dereva kwa mashimo aliyoyakwepa na hata kwa yale ambayo hakuyakwepa. Germana hakuhitaji kuona uso. Alikuwa wifi yake, Blandina, dada wa mume wake.

Alirudi ndani akakoroga makande ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na mbili, mwezi wa nane, wakati ukungu unaposhuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kulala juu ya mashamba ya Karatu mpaka saa nne. Nyumba ya mafungo ilikuwa pale mashamba yanapoishia na msitu kuanzia: vyumba kumi na viwili, kila kimoja na kitanda, kiti na msalaba, kanisa dogo, na jiko la kuni. Germana alikuwa na miaka sita katika jiko hilo. Kila mafungo alihamia chumba cha nyuma ya jiko, akamwachia mumewe Thomasi shamba na nyumba kule Mbulumbulu, akapikia watu waliokuja kukaa kimya.

Alikuwa amewaona wakiingia na amewaona wakitoka. Mwalimu mmoja aliingia akiwa hawezi kulala bila vidonge. Jumamosi alivisahau chini ya mto na hakuvirudia. Mama mmoja aliyekuwa hasemi na kaka yake kwa sababu ya mpaka wa shamba alitoka hapa akapitia kwa kaka yake kabla ya kufika kwake. Mzee mmoja wa Mbulu alimwambia Germana kwamba kwa mara ya kwanza tangu ujana wake tumbo lake limemwambia kuwa limeshiba. Waliingia mabega yakiwa yamepanda masikioni, wakatoka mabega yamerudi mahali pake. Germana aliwafungia chakula cha njiani, akawapungia mkono, kisha akarudi kusugua masufuria kwa majivu, maana sabuni siku hizo ilikuwa ya kutafuta. Aliwaonea wivu mmoja mmoja, na akimaliza aliwaonea wivu wote kwa pamoja.

Maana yeye mwenyewe alikuwa halali. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo na kifua kizito, amelala hapo akisikiliza Thomasi anavyokoroma kwa raha zake, akimwonea wivu hata yeye. Mwezi wa sita alikuwa amemfuata Sista Bernadina, msimamizi wa nyumba, akaomba kitanda kimoja, mwaka huu tu. Sista alimjibu kwa upole kwamba vitanda vinagawiwa kwa vigango vya parokia, na kigango cha Mbulumbulu kitachagua mtu wake. Germana alirudi kwenye kigango akajipendekeza kadiri ya adabu. Kigango kikamchagua Blandina.

Sasa, Blandina. Huyu ni mwanamke ambaye akianza kukusimulia alivyokwenda kisimani, ng'ombe wanarudi zizini yeye hajafika kisimani. Kanisani huitikia sala kabla padre hajamaliza. Kwenye kutwanga husema, kwenye kupalilia husema, na ukimwacha peke yake husema na kuku. Katika watu wote wa Mbulumbulu, kumpa huyu siku sita za kimya ilikuwa kumpa kipofu kioo. Ndivyo Germana alivyomwambia Sista, karibu kwa maneno hayo, wakati wakipanga sahani.

Sista alicheka kidogo. Akasema kwamba kila mwaka mmoja hushindwa. Mwaka jana ni Josephati aliyerudi kwao Jumanne kwa sababu ya tumbaku. Padre aliyeongoza mafungo alikuwa mkali juu ya jambo moja tu: aliyeongea na mtu yeyote isipokuwa yeye, mafungo yake yamekwisha, aje mwaka mwingine. Halafu Sista akasema, akifuta sahani kwa aproni yake, "Akishindwa mmoja mwaka huu, Mama Inosenti, kitanda ni chako. Jikoni patakuwa na mtu."

Labda aliyasema kwa mzaha. Germana aliyachukua yote kama yalivyo.

Kengele ilipigwa baada ya chakula cha jioni, na kimya kikaanza. Aliyeipiga ni Germana, kwa sababu kengele ilining'inia dirishani pa jiko na kupiga kengele ni kazi ya mpishi. Kutoka dirishani aliona Blandina akiwa katikati ya neno, mkono juu, akimweleza mjane habari ya mguu wa ndama. Blandina alifunga mdomo. Aliushusha mkono taratibu, akautazama kana kwamba si wake, akaenda chumbani.

Mpaka kesho saa sita, Germana alijiambia. Huyu hafiki saa sita.

Jumatatu saa sita ilifika, ikapita. Blandina alikuja mezani, akakaa, akangoja. Germana alimpakulia kutoka chini ya sufuria, ukoko mtupu, mweusi na mgumu, akamwekea mbele kwa nguvu kidogo. Mbulumbulu, kwa ukoko kama huo Blandina angetoa hotuba. Hapa alitafuna. Ilisikika meza nzima anavyotafuna, hata karani wa ushirika akainua macho. Alimaliza, akainamisha kichwa kushukuru, akapeleka sahani yake dirishani mwenyewe.

Jumanne ilikuwa chumvi. Germana hakujivunia jambo hilo, lakini pia hakulijutia wakati akilitenda: viganja viwili kwenye bakuli moja la mboga, na bakuli hilo mbele ya mtu mmoja. Blandina alimeza tonge la kwanza, macho yakajaa maji. Alimtazama Germana. Germana alingoja lile neno, hata kama ni dogo kiasi gani; neno "chumvi" tu lingetosha. Blandina alivuta jagi la maji, akanywa, akala, akanywa, mpaka bakuli likaisha. Mchana huo alionekana akienda chooni mara nne, kila mara kwa utulivu mkubwa.

Kilichomuuma Germana zaidi ni kwamba kimya kilikuwa kinamfaa. Kati ya nyusi za Blandina palikuwa na mikunjo miwili ambayo Germana aliijua kama anavyojua mlango wake. Jumanne jioni mmoja ulikuwa umelegea. Alikuwa anakaa kwenye gogo karibu na uzio wa msitu, shuka mabegani, mikono imelala mapajani viganja juu, akitazama ukungu unavyopanda. Hata kuku hakusema nao. Germana alisimama dirishani akikata vitunguu na kumtazama, na wivu ukamjaa. Alitaka gogo lile. Alitaka viganja vyake vilale hivyo, bila kisu wala mwiko. Na zaidi ya hayo alitaka Blandina asivipate vitu hivyo, yeye kuliko watu wote wa duniani.

Maana kimya Germana alikijua. Alikuwa amekaa ndani yake mwaka mzima na miezi miwili.

Ilikuwa miaka saba nyuma. Mtoto wake wa pili, Tluway, alikufa kwa homa akiwa na miezi mitano. Siku ileile wazee wakasema nyumba iko metimani. Hivyo ndivyo Wairaqw walivyofanya tangu zamani: nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga hutengwa, kwa hofu kwamba kifo kitavuka kwenda kwa wengine. Kanisa lilikuwa linakataza na serikali pia, lakini padre alikaa mbali na serikali ilikaa mbali zaidi, na hofu ilikaa hapohapo. Germana hakusalimu mtu na hakusalimiwa. Alichota maji chini ya mto, chini ya wote, kwa njia yake peke yake. Moto ukizimika asiombe kaa kwa jirani. Akikutana na mtu njiani, aingie majanini, ageuze uso, ampe mgongo mpaka apite. Thomasi alikimbilia jembe. Alilima mpaka mahali ambapo hapakuwa na haja ya kulima. Germana alibaki na nyumba.

Na ng'ambo ya kijito, mahali anapoweza kuhesabu kuku wao, alikaa Blandina. Siku moja kabla ya mtoto kufa, Germana alikuwa amepita kwake akanywa maji kwa kikombe cha bati cha buluu. Siku ya pili baada ya maziko alikiona kikombe kile kimetundikwa juu ya mti wa uzio, mdomo chini. Hakikuweza kurudi ndani, kwa sababu alikuwa amekinywea. Kilikaa pale masika, kikakaa kiangazi, kikapata kutu. Kila asubuhi Germana alipofungua mlango alikuwa anakiona. Na kila asubuhi Blandina alikuwa anatoka, anakusanya kuni, anatazama ng'ambo, halafu anainama na kurudi ndani bila neno. Yule mwenye maneno mengi kuliko wote. Mwaka mzima.

Wazee walipoifungua nyumba, Blandina alikuja siku ya kwanza na maziwa na habari za wilaya nzima, akaongea mpaka jioni. Hakumtaja mtoto. Hata leo hakuwa amemtaja.

Kwa hiyo watu wakishangaa kwamba Blandina anaweza kunyamaza, Germana hakushangaa tena. Huyu anajua kunyamaza, alijiambia akikwangua vitunguu kwenye ubao. Mimi ndiye shahidi wake. Asichoelewa ni kwa nini kimya kimoja kilimvunja yeye na kimya kingine kinamnyoosha mwenzake, na tena kwa chakula alichokipika yeye.

Jumatano alifanya jambo baya. Alikuwa anaweka uji wa asubuhi, akainama sikioni kwa Blandina akasema, kwa sauti ya kawaida ya kupasha habari, "Yule ng'ombe wako mwekundu ameanguka korongoni. Nimesikia kwa watu." Sheria ya kimya haikumhusu mpishi, kwa hiyo kwa upande wa sheria alikuwa safi.

Blandina alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Alisimama nusu, akiwa ameshika meza. Mdomo ulifunguka. Germana alisikia pumzi ikiingia, ile ambayo kwa Blandina hutangulia maneno mia mbili, na moyo wake ukaruka kwa furaha mbaya. Halafu Blandina akakaa tena. Alifumba macho. Mashavu yalimtetemeka, chozi likashuka mpaka kidevuni, likaingia kwenye uji. Hakumuuliza Germana, hakumwandikia Sista karatasi, hakuomba gari. Alikaa siku ile kwenye gogo lake mpaka ukungu ukashuka tena, na jioni Germana alipopiga kengele, mkono ulikuwa mzito. Alikuwa na aibu. Lakini hata aibu hiyo ilikuwa na wivu ndani yake, kwa sababu mtu anayelia kwenye uji bila kusema ana kitu cha kumshikilia, na Germana hakujua ni kitu gani.

Alhamisi asubuhi pampu ya maji ilinyamaza kwa kukosa dizeli. Germana alichukua ndoo akaenda kwenye chemchemi ya msituni, ambako njia ni nyembamba na majani yana umande mpaka magotini. Alikuwa anarudi, ndoo kichwani, aliposikia miguu. Ukungu ulikuwa mzito. Blandina alitokea mbele yake, hatua kumi, anakuja.

Na kabla Germana hajafikiri, miguu yake ilitoka njiani. Iliingia majanini yenyewe, hatua mbili, tatu. Shingo ikageuka, mgongo ukaelekea njia. Akasimama hivyo, maji yakimwagikia begani, akingoja mtu apite asije akapata mkosi wake.

Alipojua anachofanya alitaka kuikata miguu ile. Miaka saba. Ameshazaa wengine wawili, amepikia maaskofu wawili, na miguu bado inakumbuka. Alikasirika, lakini hakugeuka, kwa sababu sasa alikuwa na uso ambao hakutaka uonekane.

Hatua zilisimama. Kisha akasikia majani yakivunjika, na umande ukidondoka, na Blandina akaja akasimama hukohuko majanini, bega kwa bega naye, akitazama alikokuwa anatazama, yaani msitu na ukungu na hakuna kitu kingine.

Ng'ombe, alifikiri Germana. Sasa ataniuliza ng'ombe. Na mafungo yake yatakwisha, na kitanda ni changu.

"Wifi," Blandina alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kazi. "Habari za asubuhi."

Germana aliishika ndoo kwa mikono miwili.

"Habari za Thomasi. Habari za Inosenti." Aliinyoosha salamu yote taratibu kama inavyotakiwa, nyumba na mifugo na shamba, asiruke kitu. Halafu akasema, "Na Tluway. Sikuja kukupa pole ya Tluway."

Germana alishusha ndoo chini.

"Siku ya kwanza hapa niliwaza chakula," Blandina alisema. "Siku ya pili niliwaza kiu. Jana niliwaza ng'ombe. Leo nimeamka mambo ya kuwaza yameisha, amebaki yeye. Siku nne watu wananipita hawanisalimu, wifi. Siku nne tu, na ninapikiwa, na najua Jumamosi itakuja. Usiku wa kwanza nilidhani kifua kitapasuka. Nikasema, yule alikaa mwaka. Nami nilikuwa namwona."

"Ulitundika kikombe," Germana alisema.

"Nilitundika. Niliogopa. Mtoto wangu alikuwa anatambaa."

Hakusema zaidi ya hapo, na kwa Blandina hilo lilikuwa jambo kubwa. Germana alijisikia akitaka kupiga kelele, na akitaka kukaa chini, na katikati ya hayo yote likamtoka neno ambalo hakulipanga.

"Ng'ombe wako ni mzima. Nilikudanganya."

Blandina alivuta pumzi ndefu akaitoa. "Nilidhani hivyo," alisema. "Lakini sikulala."

Alichukua ndoo, akaitwisha kichwani mwake, akatangulia njiani. Alipofika uani hakuingia chumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Sista Bernadina, aliyekuwa anaanika mashuka, akamwambia kwa sauti ambayo karani na walimu wote walisikia kwamba ameongea, ameongea kwa kutaka, hakulazimishwa na mtu, na mafungo yake yamekwisha. Sista alimtazama, akamtazama Germana na bega lake lililolowa. Huenda alielewa, huenda hakuelewa. Alisema kitanda cha tisa kina nafasi tangu sasa, na jikoni patakuwa na mtu.

Mtu mwenye adabu angekataa. Angesema hapana, Sista, mwachie huyu, siku zenyewe zimebaki mbili. Germana alijua maneno hayo yote kwa mpangilio wake. Hakukataa. Alivua aproni akampa wifi yake, akaonyesha chumvi ilipo, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akapita mbele ya jiko bila kuingia.

Kitanda cha tisa kilikuwa bado kina joto. Germana alikaa juu yake akingoja faida.

Haikuja upesi. Mchana wa Alhamisi aliutumia kusikiliza jiko lake. Alisikia mfuniko ukianguka, kuni zikipasuliwa vibaya, na Blandina, ambaye sasa hakufungwa na sheria, akizungumza na sufuria. Alimsikia Sista akicheka. Sista hakuwahi kucheka hivyo na yeye. Kwa hiyo kitanda amekipata, na sasa alikuwa anaonea wivu jiko. Na palikuwa na jambo jingine baya zaidi, ambalo lilimfanya ajigeuze ukutani: hata wema Blandina alikuwa amemtangulia. Yeye ndiye aliyemfuata majanini, yeye ndiye aliyesema kwanza, yeye ndiye aliyetoa. Kwa Germana imebaki kazi ya kusamehe, nayo haikumvutia.

Usiku ule alilala mpaka kengele. Hakujua amelalaje. Aliamka na alama ya mto shavuni, akakaa kitandani akiwa amekasirika kidogo, kama mtu aliyeibiwa kitu asichokijua ni kipi. Akatoka nje. Ukungu ulikuwa unapanda. Kwenye njia ya kanisani Koinet alikuwa anakuja, mrefu, shuka jekundu, na Germana alihisi miguu yake ikianza kutafuta majani. Aliishikilia. Koinet alipita karibu, akainamisha kichwa, na ncha ya shuka lake ikamgusa mkononi. Hakuna kilichotokea. Alisimama pale njiani, katikati, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Halafu akakaa kwenye gogo. Viganja havikukubali kulala. Aliviweka juu, vikageuka vyenyewe, akaviweka tena. Alifikiri maharage: kama Blandina ameyaloweka. Alifikiri kuni. Yakaisha. Akaja yeye, Tluway, si jinsi alivyokufa, bali jinsi alivyokuwa akinyonya huku ameshika kidole chake kimoja, kwa nguvu kubwa, asije mtu akamnyang'anya. Miaka saba hakuwa amelikumbuka hilo. Mwaka ule ulipita bila mtu hata mmoja kumuuliza habari za mtoto, na baada ya mwaka ule hata yeye aliacha kujiuliza. Alilia bila sauti, na karani wa ushirika, aliyekuwa kwenye gogo la pili, alitazama pembeni kwa heshima.

Saa sita kengele ilipigwa, vibaya, kwa pupa, mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Germana alikaa mahali pake mezani na kungoja, kama wengine. Blandina alikuja na sahani mikono yote miwili, akamwekea. Maharage yalikuwa yamekauka na ugali ulikuwa na mabuje ya unga mbichi. Pembeni aliweka kikombe cha maji. Alitaka kusema kitu, mdomo ulimcheza, akaubana.

Germana alikula. Alikula yote, pamoja na mabuje, na hakuna aliyeweza kujua usoni pake anafikiri nini juu ya upishi ule. Maji alikunywa nusu, akakirudisha kikombe mezani.

Blandina alikuja kukusanya vyombo. Alichukua sahani akaiweka juu ya sahani nyingine. Alichukua kikombe, akakiangalia ndani, mahali ambapo maji yalikuwa yamebaki. Akiwa amesimama hapo, kati ya meza na mlango, mbele ya wote, alikipeleka mdomoni, palepale midomo ya Germana ilipokuwa, akanywa mpaka kikaisha. Alijifuta kwa mgongo wa mkono. Akabeba vyombo akaenda jikoni.

Germana alibaki ameshika ukingo wa meza. Baada ya muda harufu ilianza kuingia kutoka dirishani, kidogo kwanza, halafu wazi kabisa: makande ya jioni yalikuwa yanaungua chini ya sufuria, ile kubwa yenye mshikio mmoja. Chini ya meza miguu yake ilitafuta malapa, ikayapata, ikayavaa. Alikaa. Kisha akayavua tena, moja baada ya jingine, akaweka nyayo zake juu ya sakafu ya saruji iliyokuwa baridi, na kungoja.